Miti Iliyohama Kwao

Wazee wa pwani walisema kwamba mti hauendi ila kwa nyenzo. Walikusudia gogo, ambalo halisogei mpaka litiwe vijiti chini yake na kusukumwa kwa nguvu za watu wengi. Lakini methali hiyo yafaa vile vile kwa mti ulio hai. Mnyama hutembea, ndege huruka, samaki huogelea, na mwanadamu hupanda chombo. Mti peke yake hufia pale ulipoota. Ungali mbegu, huchukuliwa na upepo, maji, ndege na tembo. Ukisha kuwa mti mzima, hapana athubutuye kuuhamisha ila mwanadamu. Insha hii yaeleza habari za uthubutu huo, tangu zamani hata siku zetu katika pwani ya Malindi na Kilifi, nayo yauliza maswali mawili: mti uliong'olewa mwituni huponaje, na ni masharti gani yampasayo mwenye kuung'oa?

Habari ya kale iliyo wazi zaidi juu ya jambo hili yatoka Misri. Yapata miaka 3,500 iliyopita, Malkia Hatshepsut alituma vyombo mpaka nchi iliyoitwa Punt, ambayo wanahistoria wengi huiweka upande wa kusini wa Bahari ya Shamu, katika sehemu za Eritrea, Ethiopia na Somalia. Mabaharia wake walirudi na dhahabu, pembe za ndovu, ngozi na nyani. Walirudi pia na miti hai ya uvumba, 31 kwa hesabu. Safari hiyo ilichongwa katika kuta za hekalu la malkia huko Deir el-Bahari. Katika michoro hiyo kila mti umo ndani ya kapu, mizizi yake imekaa katika udongo, na kapu limetundikwa kwenye mpiko ulio mabegani mwa watu kadhaa. Wamisri hao hawakuwa na hadubini, wala hawakusoma kitabu chochote cha elimu ya mimea. Hata hivyo walijua kwamba mti usafiripo hauna budi kusafiri na kipande cha kwao.

Njia iliyo nyepesi zaidi ni kuuhamisha mti ukiwa mbegu. Mkorosho, ambao leo ni mali ya wakulima wengi wa Kilifi, ni mzaliwa wa Brazili. Wareno waliuleta pwani yetu katika karne ya 16. Na pwani yetu nayo imetoa kama ilivyopokea. Mibuyu iko India tangu karne nyingi, na katika mji wa kale wa Mandu matunda yake huuzwa sokoni. Utafiti wa chembe za urithi uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba mibuyu ya India ina asili ya Afrika, na kwamba mingi inafanana na ile ya upande wetu wa mashariki. Haikufika kwa safari moja, bali kwa safari nyingi za pepo za kaskazi na kusi, pamoja na wafanyabiashara, mabaharia na Waafrika waliokwenda au kupelekwa huko. Kokwa moja ya mbuyu haijazi hata kiganja cha mtoto, lakini ndani yake mna mti mzima pamoja na mizizi yake yote. Aliyeibeba hakuudhuru mbuyu wa Malindi hata kidogo. Mbuyu ulibaki mahali pake ukazaa tena.

Kubeba mmea ulio hai ni jambo jingine, na hasara yake ni kubwa. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza vichipukizi vya mkonge yapata 1,000 kutoka Florida, Marekani, ili vipandwe Tanganyika. Vilivyofika Tanga vikiwa hai vilikuwa 62 tu. Kwa hivyo 62 ukaanza ukulima ambao baadaye uliifanya Tanganyika kuwa ya kwanza duniani kwa kuuza katani. Msafiri apitaye barabara ya Mombasa na Malindi akafika Vipingo huona mistari ya mkonge imenyoka mpaka upeo wa macho, naye aweza kudhani kwamba mmea huo umekuwapo tangu dunia kuumbwa. Na mkonge ni mmea mgumu, uliozoea ukame. Ikiwa huo ulipoteza zaidi ya tisa katika kila kumi njiani, tutasema nini juu ya mti wa msituni uliokatwa mizizi?

Sababu ya vifo hivyo yafaa ieleweke vyema, kwa kuwa bila ya kuielewa historia hii yote itakuwa kama orodha ya bahati njema na bahati mbaya. Mizizi minene tuionayo mti unapoanguka ni nguzo na ghala ya mti. Kazi ya kunywa hufanywa na mizizi myembamba iliyo mwisho kabisa, yenye vinyweleo vidogo mno ambavyo hufa upesi vikipigwa na jua. Mizizi hiyo hukaa mbali na shina, mara nyingi kupita mwisho wa kivuli cha matawi. Basi mtu achimbaye karibu na shina huchukua ghala na kuacha midomo ardhini. Wakati huo huo majani hayana habari ya msiba uliotokea chini. Yaendelea kutoa maji hewani kama nguo iliyoanikwa juani. Maji yatoka wala hayaingii. Mti haufi kwa sababu umekosa kumwagiwa maji. Hufa kwa sababu hauna kitu cha kunywea maji uliyomwagiwa.

Watu waliolichunguza jambo hili kwa subira kubwa ni wale wa Mashariki ya mbali. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifika kwa mfalme wa China na zawadi ya twiga, mnyama aliyewastaajabisha sana Wachina. Nchi hiyo iliyopokea kiumbe hai kutoka pwani yetu ilikuwa tayari na ufundi wa zamani wa kuotesha miti midogo katika sahani. Katika kaburi la mwana wa mfalme lililochorwa mwaka 706 yaonekana picha ya mtumishi akibeba sahani ya namna hiyo. Ufundi huo ulivuka bahari ukaingia Japani, ukaitwa bonsai, yaani kilichopandwa katika chombo. Mti wa bonsai si wa aina ya pekee, wala si mbilikimo kwa kuzaliwa. Ni mti wa kawaida unaopunguzwa mizizi na matawi kwa kipimo, mwaka baada ya mwaka, hata uzee wake ukaonekana katika umbo dogo. Msonobari mmoja uliolelewa hivyo tangu mwaka 1625 ulikuwa katika nyumba ya ukoo wa Yamaki huko Hiroshima siku bomu la atomiki lilipoanguka, tarehe 6 Agosti 1945. Ukuta uliukinga, ukaokoka; na mwaka 1976 ukatolewa zawadi kwa watu wa Marekani.

Mafundi wa Japani hawakuanza kwa mbegu siku zote. Walipanda milimani wakatafuta miti iliyodumazwa na upepo na mawe, wakaichimba na kuileta nyumbani. Kwa kazi hiyo walijifunza kanuni ambazo hata sisi twaweza kuzitumia kwa mti wa mwituni. Kwanza ni wakati. Mti unaopukutisha majani huhamishwa ungali umelala, kabla haujachipua. Katika pwani yetu maana yake ni mwisho wa kiangazi, mvua za masika zikikaribia. Pili ni maandalizi. Mwenye busara hachimbi mti mkubwa kwa siku moja. Hukata mfereji upande mmoja wa shina, akaufukia kwa udongo mwepesi, akaungoja mti uoteshe mizizi mipya karibu na shina. Msimu wa pili hukata upande uliobaki. Tatu ni kuchukua udongo wake, kuufunga kwa gunia bichi, na kuukinga usikauke njiani. Nne ni kukata kwa chombo kikali, maana jeraha lililonyooka hupona, na lililochanika huoza.

Mti ukisha kufika, kazi iliyo ngumu zaidi huanza, nayo ni kazi ya kutofanya mengi. Hupandwa katika chombo chenye matundu, juu ya kokoto na mchanga mnene upitishao maji na hewa. Hufungwa imara usitikisike, kwa kuwa kila shina linapoyumba mizizi mipya, laini kama uzi, hukatika. Huwekwa kivulini, pasipo upepo mkali, na majani yake hunyunyiziwa maji kidogo asubuhi na jioni. Haumwagiwi maji mengi, hasa ukiwa ni mbuyu, ambao una maji tele shinani na huoza upesi kuliko kukauka. Hautiwi mbolea mpaka uwe na mizizi ya kuipokea. Wala haukunjwi. Ni kweli kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Lakini mti uliotoka kung'olewa ni mgonjwa, na mgonjwa hafundishwi adabu kitandani. Fundi wa bonsai huuacha mwaka mmoja, miwili, hata zaidi, asiguse tawi lake.

Hapa pana hila moja ya maumbile ambayo imewadanganya watu wengi. Majuma machache baada ya kupandwa, mti uliong'olewa aghalabu huchipua. Majani mabichi hutoka, mwenye mti hufurahi, huita jirani, huuondoa kivulini, hutia mbolea, hupunguza matawi. Baada ya miezi kadhaa majani hunyauka na mti hufa ghafula, naye husema kwamba umekufa bila sababu. Sababu ipo. Majani yale ya kwanza hayakutoka katika mizizi mipya. Yalitoka katika akiba iliyowekwa shinani siku mti ulipokuwa kwao. Mti ulikuwa ukila urithi wake. Akiba ilipokwisha, wala mizizi haijaota, ukafikia ukomo. Kwa hiyo majani ya kwanza si ushahidi wa kupona. Ushahidi ni majani yanayodumu kiangazi kizima, na machipukizi yanayorefuka msimu wa pili na wa tatu.

Sasa na turudi Kilifi, tuutazame mbuyu wenyewe. Hapana mti unaoitambulisha pwani hii kuliko huo. Hupukutisha majani wakati wa kiangazi ukasimama uchi, shina lake likiwa ghala ya maji. Maua yake hufunguka jioni, na popo huyatembelea. Matunda yake hutupa ubuyu, ambao watoto wa Malindi huununua ukiwa umetiwa sukari na rangi. Majani yake ni mboga, na magamba yake hutoa kamba. Ukibanduliwa gamba huotesha jingine, na hata ukiangushwa na tufani huweza kuendelea kuishi umelala. Mibuyu mingine barani Afrika imepimwa ikaonekana kupita umri wa miaka 1,000. Mti wenye uvumilivu wa namna hii humfanya mtu adhani kwamba unaweza kustahimili lolote. Lakini mizizi ya mbuyu mzima haiendi chini sana. Hutambaa mbali pande zote, karibu na uso wa ardhi. Kuung'oa na mizizi yake yote ni sawa na kuchukua shamba zima.

Mwaka 2022 jambo hilo lilijaribiwa. Mibuyu minane ilinunuliwa katika mashamba ya watu wa Kilifi ili ipelekwe Georgia, nchi iliyo pwani ya Bahari Nyeusi, katika hifadhi ya miti ya Shekvetili iliyoanzishwa na tajiri Bidzina Ivanishvili, aliyekuwa waziri mkuu wa nchi hiyo kuanzia mwaka 2012 hadi 2013. Huko kwenyewe Georgia, miti ya kale ilikuwa imekwisha kung'olewa vijijini na kuvushwa baharini kupelekwa katika hifadhi hiyo, na filamu ya Salomé Jashi iliyotoka mwaka 2021 iliwaonyesha wanakijiji wakiisindikiza miti yao, wengine kwa machozi. Katika Kilifi mibuyu ilichimbwa kwa mitambo, matawi yakapunguzwa, mizizi ikakatwa. Habari zilipoenea, kelele zikapigwa ndani na nje ya Kenya. Tarehe 14 Novemba 2022 Rais William Ruto aliiagiza Wizara ya Mazingira na Misitu ichunguze jambo hilo, akataka pawe na idhini iliyo sawa, na kanuni ya haki ya kuwagawia Wakenya faida.

Mwanafunzi wa historia hapaswi kusikiliza upande mmoja. Waliouza miti hawakuwa wajinga wala wasaliti. Mkulima mwenye kipande kidogo cha ardhi huuona mbuyu ukikalia mahali ambapo angeweza kupanda mahindi. Ana watoto wa kusomesha, na mnunuzi amesimama mlangoni na fedha taslimu. Mibuyu mingi imekatwa pwani kwa ajili ya mashamba na nyumba bila ya mtu yeyote kupiga kelele, na mwenye mti hakupata hata senti. Kwa upande wa pili, walioupinga mpango huo walisema kwamba mti uliokua karne nyingi haukupandwa na mwenye shamba wala baba yake. Ndege, nyuki na popo huutegemea, na jirani hula matunda yake. Walisema pia kwamba bei ya siku moja haiwezi kuwa badala ya kitu ambacho vizazi kumi havitakipata tena. Pande zote mbili zilisema kweli, na ndiyo maana shauri hilo lilikuwa zito.

Dunia imejaribu kutunga sheria kwa mashauri ya namna hii. Mwezi wa Oktoba 2010 mataifa yalikubaliana, katika mji wa Nagoya huko Japani, kwamba atakaye kuchukua mali ya maumbile ya nchi nyingine apate kwanza ridhaa ya wenyewe, na kwamba faida itakayopatikana igawanywe kwa haki. Si ajabu kwamba mapatano hayo yana jina la mji wa nchi inayojua kulea miti iliyotolewa mwituni. Lakini watu wa Kilifi hawakungoja mwaka 2010 wapate sheria. Mababu wa Wamijikenda waliizunguka miji yao ya kaya kwa misitu, wakakataza kukata mti ndani yake bila ruhusa ya wazee. Katika kaya hizo ndimo Mekatilili wa Menza na Wagiriama walimokula viapo mwaka 1913 kuupinga utawala wa Waingereza; na Waingereza walipotaka kuvunja nguvu zao, waliibomoa Kaya Fungo kwa baruti mwezi wa Agosti 1914. Walitambua kwamba watu wale walikuwa na mizizi mahali pale. Kaya zilidumu, na mwaka 2008 misitu kadhaa ya kaya ikatiwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Tukizipima habari zote hizi katika mizani moja, tutaona kwamba kuhamisha mti si dhambi kwa nafsi yake. Kama isingekuwa miti iliyohama, Kilifi isingekuwa na korosho, wala India isingekuwa na mibuyu. Tofauti imo katika kile kinachochukuliwa, na katika muda ambao mchukuaji yu tayari kukaa nacho. Mwenye kuchukua mbegu hauachi mti wa asili na jeraha. Mwenye kuchukua mche mdogo mahali ambapo tingatinga litapita kesho, kwa idhini ya mwenye ardhi na ya wakuu wa misitu, huokoa kitu ambacho kingepotea. Lakini mwenye kuchukua mti mzima ametwaa deni, na deni hilo halilipwi kwa fedha peke yake. Hulipwa kwa kivuli, kwa maji ya kiasi na kwa kungoja miaka. Mzee wa Hiroshima aliyeulea msonobari wake aliupokea kwa waliomtangulia, naye akawapa wa baada yake. Hiyo ndiyo maana ya kulea mti.

Ninyi vijana wa pwani mna nafasi ya kulijaribu jambo hili bila ya kumdhuru mtu. Msiende katika kaya, wala katika msitu wa Arabuko-Sokoke, kwa kuwa hiyo ni amana ya watu wote. Chukueni kokwa chache za ubuyu mliokula, zisizochemshwa wala kutiwa sukari. Zikwaruzeni ganda, zilowekeni, mkazipande katika mikebe iliyotobolewa chini. Baadhi hazitaota. Zitakazoota zitatoa majani mapema, nanyi mtafurahi. Furahini, lakini kumbukeni kwamba jani ni ahadi tu. Kisha hesabuni: mbuyu mtakaoupanda mwaka huu hautakuwa mnene kama ile minane ya Kilifi hata watoto wa wajukuu wenu wazeeke. Aliyekwisha kuifanya hesabu hiyo kwa mkono wake mwenyewe, siku atakapokuja mnunuzi na mitambo yake, atajua ni bei gani ya kumwambia, au kama iko bei.